Mteja wa huduma hapatikani mapokezi

WIKI hii, wapenzi wasikilizaji, naomba niwaeleze habari ya shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, kwa sababu simu na ujumbe mwingi ninaoupokea kutoka kwenu unauliza jambo lile lile lililomleta nyumbani kwangu usiku mmoja mwishoni mwa Februari mwaka jana, akiwa na faili kwapani na macho mekundu.

Shemeji ana kampuni ndogo ya usafi wa maofisi hapa Dar es Salaam. Aliianza mwaka 2017 kwa ndoo, madekio na wanawake watatu wa Mburahati. Kufikia mwaka jana alikuwa na wafanyakazi 14, na hapo ndipo palipokuwa na hatari ambayo hakuiona: kati ya hao 14, 11 walikuwa wakifanya kazi katika jengo la mteja mmoja. Mteja huyo, ambaye sitamtaja, alimwandikia barua ya mistari minne kwamba mkataba wake unakwisha tarehe 31 Machi na hautaongezwa, kwa kuwa makao makuu yameamua kutumia mzabuni mmoja kwa matawi yote. Hakuna aliyelalamikia kazi yake. Sakafu zilikuwa zinang'aa siku aliyopewa barua.

"Shemeji, wewe unajulikana," aliniambia. "Nitajie makampuni."

Nikamjibu kwamba mimi nawajua watu wanaotaka kusema kwenye kipaza sauti, siwajui wanaotaka kupigiwa deki. Lakini nilimwomba lile faili. Ndani yake mlikuwa na barua moja iliyotolewa nakala 60: "Sisi ni kampuni inayotoa huduma bora za usafi kwa bei nafuu." Nakala kama 40 alikwisha kuzigawa mapokezi, mlango kwa mlango, kuanzia Samora mpaka barabara ya Ohio. Katibu muhtasi alipokea, akagonga muhuri wa IMEPOKELEWA, akamrudishia nakala yake. Mihuri ilikuwa mizuri sana. Simu haikupigwa hata moja.

Kulikuwa na jambo jingine la kusikitisha zaidi. Kijana mmoja alikuwa amemwuzia kwa shilingi 150,000 orodha ya "makampuni 500 ya Dar es Salaam", majina na namba za simu. Shemeji alipiga namba kwa siku tatu. Nyingi hazikupatikana. Moja ilipokelewa na fundi wa friji wa Magomeni, ambaye kwa bahati mbaya naye alikuwa anatafuta wateja, wakazungumza dakika ishirini kwa vocha ya shemeji. Kuweni macho na biashara hii. Tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na namba ya simu ya mtu si karanga za kufungwa kwenye karatasi na kuuzwa bila yeye kujua. Zaidi ya hayo, orodha hata ingekuwa safi isingemsaidia. Ingemwambia makampuni yako wapi, na hilo hata kondakta wa daladala angemwambia bure.

Nilipolala usiku ule nilijiuliza: sisi waandishi kila asubuhi tunapata wapi habari? Hatugawi barua za kusema kwamba tunatafuta habari. Nilipokuwa nasomea stashahada ya uandishi, jambo la kwanza tulilofundishwa ni shajara ya chumba cha habari, lile daftari ambamo huandikwa jambo gani litatokea siku gani: kesi inayotajwa tarehe kumi, daraja linalofunguliwa mwezi ujao, katibu anayestaafu Juni. Habari ni mabadiliko, na mabadiliko mengi hujulikana kabla hayajatokea, ukiuliza.

Na kazi ya huduma, ndugu zangu, iwe usafi, ulinzi, uchapaji, matengenezo ya viyoyozi, chakula cha mchana cha wafanyakazi au uwekaji wa mahesabu, hupatikana vivyo hivyo. Kampuni haimwachi mtoa huduma wake kwa sababu imepokea barua yenye maneno matamu. Barua hiyo hufika siku ambayo hakuna mwenye shida, na katibu muhtasi amewekwa pale mapokezi makusudi ili meneja asisumbuliwe na watu wasio na shida naye. Kampuni hubadilika inapohama, inapofungua tawi, inapopata meneja mpya, mkataba wa zamani unapokaribia kwisha, au mkaguzi anapoandika kwamba vyoo vya kiwanda ni vichafu. Anayefika katika majuma hayo machache husikilizwa hata kama barua yake ina makosa ya herufi.

Jumamosi iliyofuata tulitembea kwa miguu barabara ya Nyerere, kutoka Tazara kuelekea Vingunguti na Kipawa. Shemeji amepita barabara ile miaka na miaka ndani ya daladala la Gongo la Mboto, lakini hakuwahi kuyasoma mabango ya ujenzi. Makandarasi wanatakiwa kuweka bango mahali pa ujenzi, na bango hilo hutaja mwenye mradi, mkandarasi na washauri wake. Yaani jina la kampuni itakayohitaji kupigiwa deki limeandikwa barabarani kwa rangi, miezi kadhaa kabla deki haijahitajika! Tuliandika majina manne. Moja lilikuwa la ghala lenye ofisi za ghorofa mbili. Vioo vilikuwa vimekwisha wekwa na mafundi walikuwa wanapaka rangi uzio.

Tukamwamkia mlinzi. Shemeji alitaka kumwuliza moja kwa moja habari za meneja, nikamkanyaga mguu. Tulizungumza habari za jua, kisha habari za zamu yake ya saa kumi na mbili, kisha yeye mwenyewe akauliza tunatafuta nini.

"Mama, hawa wanahamia Mei," alisema. "Samani za kwanza zinakuja mwezi ujao. Lakini usimfuate mkandarasi, huyo anataka kumaliza aondoke. Mtu wako ni yule dada wa utawala. Huja Jumatano asubuhi kupima vyumba."

Katika mji huu hakuna watu wanaojua mambo mengi na kuulizwa machache kama walinzi wa mageti. Anajua gari la nani limeingia, nani amefukuzwa, mzabuni gani wa maji hajaonekana wiki mbili. Wafanya biashara wengi humpita wakimwonyesha kitambulisho bila salamu, wakaenda ndani kumwuliza katibu muhtasi maswali ambayo katibu muhtasi amekatazwa kuyajibu.

Jumatano shemeji alikuwa pale saa mbili. Hakupeleka barua. Nilimwambia apeleke swali, naye alilitunga mwenyewe, kwa sababu kazi yake anaijua kuliko mimi: "Dada, hii rangi iliyodondokea vigae, na gundi ya vioo, na vumbi la saruji lililoingia kwenye viyoyozi, nani ataviondoa kabla samani hazijaingia?" Yule dada alinyamaza. Mkandarasi alikuwa ameahidi kufagia, na kufagia si kuondoa gundi. Shemeji akapewa kazi ya siku tatu, watu wanane, kwa shilingi 1,400,000. Haikuwa mkataba wa mwaka. Lakini baada ya siku tatu yule dada alikuwa ameona kwa macho yake jinsi watu wa shemeji wanavyofanya kazi, na alikuwa na namba yake ya simu kwa sababu yake mwenyewe, si kwa sababu ya muhuri.

Hapa niseme neno juu ya ukaribu, maana wengine mnaniuliza kwa nini msitafute kazi popote penye kazi. Watu wa shemeji wanatoka Mburahati na Manzese, na ofisi hutaka iwe safi kabla ya saa mbili asubuhi, hivyo hutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Mteja wa Mbezi Beach na mteja wa Mbagala ni wateja wawili kwenye karatasi, lakini ni wasimamizi wawili, nauli za kuunganisha mabasi, na siku ya mvua ni matusi mawili ya simu. Tulichukua ramani tukazungushia sehemu ambazo watu wake hufika kwa gari moja. Ndani ya mzunguko ule mlikuwa na kazi ya kutosha kampuni tatu kama yake. Mteja wa pili ndani ya jengo ambalo tayari unalifanyia kazi ana faida kuliko mteja mkubwa wa upande wa pili wa mji, kwa kuwa ndoo zako zimekwisha fika.

Na kwa sababu hiyo hiyo nilimshurutisha afanye jambo ambalo hakulipenda kabisa: arudi kwa mteja aliyemwacha. Alikuwa na hasira, na nilimwelewa. Lakini meneja utawala wa pale hakuwa ameamua yeye. Uamuzi ulitoka juu, na alikuwa anaona haya. Shemeji alimwomba mambo mawili tu, barua ya kuthibitisha kwamba alifanya kazi yake vizuri kwa miaka minne, na jina la mtu mmoja ambaye ofisi yake inahitaji usafi. Akapewa barua siku ile ile, na majina mawili. Moja lilikuwa la ofisi ya mawakili ghorofa ya nne ya jengo lile lile. Alikuwa amepanda nao lifti kwa miaka minne asijue kwamba walikuwa wanafagiliwa na mtoto wa ndugu wa mmoja wao, ambaye alikuwa anakwenda chuo Aprili!

Magazeti nayo ni shamba ambalo wengi huchuma kona moja tu. Mtafuta zabuni husoma matangazo ya zabuni, na hapo anakutana na wenzake 50. Shemeji sasa husoma matangazo ya kazi. Kampuni inayotafuta msimamizi wa ghala, madereva sita na mtunza stoo kwa mpigo mmoja inafungua mahali papya. Kampuni inayomtafuta meneja utawala itakuwa na meneja mpya baada ya miezi miwili, na meneja mpya hupitia mikataba ya aliyemtangulia. Husoma pia yale matangazo madogo ya "tumehama", ingawa hapo mara nyingi amechelewa kidogo.

Kazi za Serikali zina njia yake. Tangu mwaka 2023 ununuzi wa taasisi za umma unapita katika mfumo wa NeST, na asiyejisajili humo hana la kufanya. Sheria inataka taasisi hizo zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu ya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu yaliyosajiliwa kwa utaratibu wake. Nafasi hiyo ni ya kweli. Lakini mtu mwenye mishahara ya kulipa mwisho wa mwezi na asiye na akiba aingie huko akijua kwamba malipo ya umma yanaweza kuchelewa, na wanaofanya kazi na Serikali watawaambia hivyo bila kuogopa.

Zipo jumuiya pia, kama chama cha wenye biashara, viwanda na kilimo, TCCIA, kilichoanzishwa mwaka 1988, na shirikisho la wenye viwanda, CTI. Mikutano yao ina chai nzuri na wakurugenzi wa kweli. Sabasaba nayo siisahau, ila nenda siku za mwanzo, mabanda yakiwa hayajajaa watu, wakati meneja aliyesimamishwa kwenye banda tangu asubuhi anafurahi kuzungumza na yeyote asiyeomba kalamu ya bure.

Sasa niwaeleze alipojikwaa, msije mkadhani mambo yalikuwa mteremko. Aprili alipata kiwanda kimoja Chang'ombe. Meneja alimpenda, bei ikakubalika, kisha akaombwa vyeti: usajili wa BRELA, namba ya mlipa kodi, leseni ya biashara, uthibitisho wa kodi, michango ya NSSF, usajili wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi na cheti cha OSHA. Viwili vya mwisho hakuwa navyo. Mteja wake wa zamani hakuwahi kumwuliza, naye hakuwahi kujiuliza. Alipovikamilisha, kiwanda kilikuwa kimekwisha mchukua mwingine. Kosa lilikuwa lake, na alilikubali. Watu wanatafuta wateja usiku na mchana huku karatasi zao haziruhusu kupokea kazi.

Mahali pengine karatasi zote zilikuwa sawa, bei ilikuwa sawa, na afisa manunuzi akamsindikiza mpaka kwenye ngazi akamwambia kwa sauti ya chini kwamba "asilimia kumi ndio utaratibu wa hapa". Watu hudhani rushwa ni jambo la ofisi za Serikali peke yake. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inazigusa kampuni binafsi vile vile. Shemeji alishuka ngazi, na kazi ile hakuipata. Alinipigia simu akiwa kituoni, analia. Sikuwa na hotuba ya kumpa. Nilimwambia anisubiri, nikaenda kumnunulia soda.

Jambo alilojifunza baada ya hapo ni kuchunguza mteja kabla ya kufurahi. Huangalia kwanza kwenye mfumo wa BRELA kama kampuni imesajiliwa. Kisha humwuliza muuza maji, mama wa chakula aliye nje ya geti, na yule yule mlinzi: mnalipwa? Kampuni inayokaa na mshahara wa mlinzi miezi miwili haitamkumbuka mfagiaji. Huuliza pia kabla ya kutaja bei kama malipo ni baada ya siku 30 au 90, na hukumbuka kwamba kampuni itakata asilimia 5 ya kodi ya zuio kwenye malipo ya huduma. Mara ya kwanza alisahau hesabu hiyo ya zuio, na fedha aliyoitegemea kununulia sabuni ikabaki kwenye cheti cha TRA.

Mlitaka kujua yaliyowapata wale wafanyakazi. Tarehe 31 Machi shemeji alilazimika kuwaaga watano, na mmoja wao alikuwa ni katika wale watatu wa kwanza wa Mburahati. Siku hiyo hakunijia, wala mimi sikumpigia. Tisa aliobaki nao aliwalipa kwa kazi ya lile ghala, kwa ofisi ya mawakili, na kwa mkopo wa mdogo wangu ambao nasikia bado haujarudishwa wote. Kufikia Septemba aliwaita wawili kati ya wale watano. Yule mama wa Mburahati alikuwa amekwisha kuanza kuuza mihogo, akasema asante, mihogo inamtosha.

Nilimtembelea Jumapili iliyopita. Lile faili la mihuri sikuliona. Mezani palikuwa na daftari gumu la kurasa nyingi, lililopigwa mistari kwa mkono. Kila ukurasa una jina la kampuni, mahali ilipo, nani anayeisafisha sasa, nani anayesaini, na mkataba unakwisha lini. Ukimwuliza amepataje tarehe hizo atakuambia ameuliza tu, kwa adabu, na kwamba watu wengi hujibu wakiona huombi kitu siku hiyo. Kampuni 38 zimo, na nyingi hajawahi kuziandikia barua. Anasubiri miezi yao.

Nilifungua ukurasa wa kwanza. Jina lililoandikwa juu lilikuwa la mteja yule aliyemwacha. Chini yake, kwa mwandiko wake wa kulala: "Mzabuni mpya, mkataba wa miaka miwili, unakwisha 31 Machi mwakani. Kwenda Januari, wiki ya pili. Kumwona meneja, si mapokezi."